Kabla hujamwomba mhadhiri akusimamie, isome CV yake kuanzia chini

Kuna yule mama wa Kimarekani, Brené Brown, ambaye kila mtu anamshea. Video yake ya mwaka 2010 kuhusu aibu na kukubali kuonekana mnyonge ilishazunguka mpaka kwenye magrupu ya vikoba, watu wanamwita motivesheno spika, wengine wanasema ni mwanasaikolojia, na ukiwaambia yule ni mwalimu wa ustawi wa jamii wanakuona unaivutia fani yako kamba tu. Lakini ndo ukweli. Digrii ya kwanza ustawi wa jamii, mastazi ustawi wa jamii, PhD ustawi wa jamii kule University of Houston, na hapohapo Houston ndo amekuwa akifundisha na kutafiti, na utafiti wenyewe ulianza kwa kukaa na watu, wengi wanawake, anawahoji kuhusu aibu, basi.

Nimemtaja kwa sababu nimegundua watu wengi hawana picha kabisa ya mwalimu wa ustawi wa jamii. Anayefundisha madaktari tunamjua, ni daktari. Anayefundisha mawakili ni wakili au alikuwa hakimu. Sasa anayefundisha sisi maafisa ustawi yeye alisomea nini, alitoka wapi, na akikaa ofisini kwake akafunga mlango anatafiti nini? Nimekuwa nikijiuliza sana hili maana nataka kurudi chuo kusoma mastazi, kazini nimeshakaa vya kutosha (niko halmashauri, sitasema ipi), na kila ninayemwomba ushauri ananiambia usichague chuo, chagua supavaiza. Haya, nikaanza kuwasoma mmoja mmoja kwenye websaiti za vyuo, usiku, baada ya watoto kulala.

Jamani. Profaili nyingi za vyuo vyetu ni msiba. Jina, cheo, picha ya pasipoti yenye nyuma ya bluu, halafu chini yake "maeneo ya utafiti: jinsia, umaskini, UKIMWI, watoto, maendeleo." Unabonyeza mwingine wa dipatimenti ileile, unakuta listi ileile kwa mpangilio uleule, mpaka unahisi kuna mtu mmoja aliitengeneza akawagawia wenzake kwenye kikao. Hiyo haikusaidii kitu. Umaskini wa nani? Watoto gani, wa mtaani, wa kwenye makao, au wale ambao baba na mama wanavutana kuhusu matunzo? Kwa hiyo nikaacha kusoma sehemu ya utafiti, nikaanza kutafuta CV zenyewe na kuzisoma kuanzia chini, pale ambapo watu huwa hawafiki, digrii ya kwanza na kazi ya kwanza. Hapo ndo mambo yanafunguka. Nimeona kwamba swali analolitafiti mtu miaka 20 baadaye mara nyingi lilishakaa pale chini kabla hajawa mhadhiri, na pale ambapo halionekani, ujue limeletwa na mfadhili. Vyote viwili vipo, na mara nyingi vipo kwa mtu mmoja.

Na hii si ya leo. Hata waliozianzisha hizi shule huko Ulaya na Marekani wengi hawakuwa wamesomea ustawi wa jamii, wangeusomea wapi wakati haukuwepo? Alice Salomon aliyefungua shule ya wanawake ya ustawi wa jamii Berlin mwaka 1908 alikuwa mwanauchumi. Chuo kikuu aliingia kwa ruhusa maalum kwa sababu wasichana wa wakati wake hawakupewa ile elimu ya sekondari inayokufikisha huko, na tasnifu yake ya udaktari ya 1906 aliandika kuhusu nini? Kwa nini wanawake wanalipwa mshahara tofauti na wanaume. Mtu kafungiwa mlango kwa sababu ni mwanamke halafu anatafiti bei ya kazi ya mwanamke, unahitaji nini tena kuelewa. (Wanazi walikuja kumfukuza nchini mwaka 1937, alikuwa na asili ya Kiyahudi, akafia New York 1948.)

Chicago nako hivyohivyo, Edith Abbott aliyekuwa mkuu wa shule ya ustawi wa jamii ya University of Chicago kuanzia 1924 alikuwa na PhD ya uchumi. Ila kabla ya hapo alishakaa Hull House, ile nyumba ya kuhudumia jamii ya Jane Addams, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii Marekani, iliyokuwa katikati ya mitaa ya wahamiaji, kwa hiyo uchumi wake ulikuwa wa kodi ya chumba na mshahara wa kiwandani. Halafu yupo E. Franklin Frazier, huyu nampenda zaidi, mwanasosholojia mweusi aliyeongoza shule ya ustawi wa jamii ya Atlanta kuanzia 1922, mwaka 1927 akachapisha makala akisema ubaguzi wa rangi wa wazungu una dalili zote za ukichaa, yaani akawapima wao kama wao walivyozoea kuwapima weusi. Ilibidi aondoke Atlanta. Hiyo ndo gharama ya utafiti mtu akiufanya mahali anapoishi.

Afrika hii shule ya kwanza ya kuwafundisha weusi kazi hii kule Afrika Kusini, Jan Hofmeyr ya Johannesburg, ilifunguliwa 1941 chini ya mmishenari wa Kimarekani, Ray Phillips, ambaye naye PhD yake aliifanya kuhusu maisha ya Waafrika mjini. Joshua Nkomo, mpigania uhuru wa Zimbabwe, alisoma pale, Winnie Madikizela, aliyekuja kuwa mke wa Mandela, alisoma pale. Sijui kama Phillips alijua anawalea watu wa aina gani. Shule ilikuja kufungwa serikali ya kibaguzi ilipobana, lakini tayari.

Sasa turudi nyumbani. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, pale Kijitonyama, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 ikiwa ni chuo cha taifa cha kufundishia ustawi, jina hili la sasa limekuja 2002. Ukimwambia mtu wa Dar "nimesoma Ustawi" kuna uwezekano mkubwa akakuuliza "aa, HR?", maana wanatoa pia kozi za rasilimali watu na mahusiano kazini na wengi wanaijulia huko. Kwa miaka mingi pale mtu wa ustawi alikuwa anatoka na cheti, diploma, au ile stashahada ya juu, digrii zimekuja baadaye. Fikiria maana yake kwa walimu. Mwalimu anatakiwa awe na digrii, na nyumbani digrii ya fani yenyewe haipo, kwa hiyo ama anakwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anasoma sosholojia, ama anavuka kwenda Makerere au Nairobi waliotangulia kutoa hizo digrii, ama anapata skolashipu ya Ulaya au Marekani. Ndo maana ukisoma CV za wahadhiri wakongwe wa huku kwetu unakutana na sosholojia, sheria, saikolojia, elimu ya watu wazima, maendeleo vijijini, uongozi, kila kitu kasoro ustawi wenyewe. Kuna watu wanaliona hilo ni aibu ya fani. Mi siyo sana. Aliyenifundisha takwimu alikuwa mwanasosholojia mtupu, hajawahi kukaa na mteja hata siku moja, na mpaka leo nikiletewa ripoti ya mradi yenye asilimia za ajabuajabu ni yeye namkumbuka.

Lakini kuna vitu huyo hawezi kukupa. Tulikuwa na mwalimu mwingine, mama mtu mzima, alishakuwa afisa ustawi wilayani miaka mingi kabla ya kuja chuoni, alitufundisha kuhoji mtoto. Aliingia darasani akasogeza meza, akavua viatu, akakaa chini kwenye sakafu akaegemea ukuta, akamwita mmoja wetu akae naye, halafu akakaa kimya muda mrefu mpaka tukaanza kucheka, ndo akasema mtoto akija ofisini kwako na mtu mzima ambaye pengine ndo anayempiga, usimuulize kitu, mpe karatasi na kalamu, mtoe mtu mzima nje kwa kisingizio cha kwenda kutoa fotokopi. Kisingizio cha fotokopi! Hiyo haipo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Naitumia mpaka leo, tofauti ni kwamba ofisini kwetu mashine ya fotokopi kweli iko nje, kwa muhindi wa stationari mtaa wa pili, kwa hiyo nakuwa na nafasi ndefu zaidi.

Yule mama hakuwa na PhD na sidhani kama aliwahi kuchapisha. Alistaafu na vitu vyote hivyo kichwani.

Upande wa pili wa hadithi ni hela, na huwezi kuongelea hela kwenye fani hii bila UKIMWI. Kesi za kwanza Tanzania ziliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kwa walimu wa ustawi wa kipindi kile hii haikuwa mada ya semina, ilikuwa misiba ya nyumbani. Theresa Kaijage, mwalimu wa ustawi wa jamii, ndo alianzisha WAMATA mwaka 1989, Walio Katika Mapambano na AIDS Tanzania, kipindi ambacho dawa hakuna, watu wanafichwa vyumba vya uani na ndugu wanakula kwa sahani tofauti. Watu walianza kwa kukutana tu, wagonjwa na familia zao, kuongea na kusindikizana. Ukiangalia maandishi yake na alichofundisha baadaye, familia, yatima, ushauri nasaha, hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye tangazo la mfadhili.

Miaka ya 2000 hela ikaja, ikaja nyingi, hela za Wamarekani za kupambana na UKIMWI. Taasisi ya Kijitonyama ikaunganishwa na Jane Addams College of Social Work ya University of Illinois kule Chicago na kwa pamoja wakatengeneza mafunzo ya wale wasaidizi wa ustawi wa ngazi ya kijiji na mtaa, wa kuwatazama watoto walio kwenye mazingira hatarishi. Mtu aliyekuwa upande wa Chicago ni Nathan Linsk, na huyu CV yake isome chini pia: alishakuwa anaendesha kituo cha kufundisha watoa huduma kuhusu UKIMWI kule kwao, na kabla ya hapo alishafanya kazi nyingi kuhusu wazee na familia zinazowatunza. Kwa hiyo alipokuja huku na kukuta mabibi wanalea wajukuu waliofiwa na wazazi, kwake ni mada zake mbili zimekaa kwenye jamvi moja. Nimefanya kazi na hao wasaidizi wa vijijini, baadhi ni wazuri kuliko sisi wenye digrii, wanajua kila kaya. Shida ni kwamba mradi ukiisha posho inaisha, na utafiti nao unaisha hapohapo, data zinabaki kwenye laptop za watu. Kuna kizazi kizima cha tesisi pale vyuoni ambazo zote ni yatima na mazingira hatarishi, si kwa sababu wanafunzi wote waliguswa, ni kwa sababu huko ndo kulikuwa na nauli ya fildi.

Ila kuna mtu mmoja alivyoichukua hiyo mada akaipeleka mbali, nataka nimkalie kidogo. Fred Ssewamala, Mganda, Makerere alisoma ustawi wa jamii, akaenda Washington University in St. Louis kwa mastazi na PhD. Pale St. Louis alikuwepo profesa anaitwa Michael Sherraden, ambaye mwaka 1991 aliandika kitabu akisema hivi: serikali zinampa maskini hela ya kula mwezi huu, lakini watu hawatoki kwenye umaskini kwa hela ya kula, wanatoka kwa kuwa na akiba na mali, na tajiri ndo anasaidiwa na serikali kujenga akiba kupitia kodi huku maskini akizuiwa. Kule Marekani hiyo ilikuwa hoja ya sera. Ssewamala akaibeba akairudisha kusini mwa Uganda, Rakai na Masaka, kanda ileile ambako UKIMWI wa Uganda ulianza kuonekana, mpakani na Kagera yetu, akaanzisha mwaka 2005 utafiti unaitwa Suubi, yaani tumaini kwa Kiganda.

Walichofanya ni rahisi kusimulia na kigumu kufanya. Mtoto yatima wa shule ya msingi anafunguliwa akaunti benki kwa jina lake. Familia ikiweka kidogo, mradi unaongeza juu yake, na hela hiyo ni ya shule au biashara ndogo ya familia. Mtoto anafundishwa mambo ya akiba na anapewa mtu wa kumshauri. Na shule nyingine zinabaki na huduma za kawaida ili kulinganisha. Watu wa UKIMWI walikuwa wanauliza tumfundishe nini huyu mtoto asiambukizwe, yeye anauliza huyu mtoto ana sababu gani ya kuiona kesho yake. Na matokeo yalikuja kuonyesha tofauti, kwenye masomo, kwenye hali ya akili, na miaka ya mbele kwenye utafiti mwingine wa vijana wanaoishi na VVU, kwenye kumeza dawa mpaka virusi vikafubaa. Akafundisha Columbia, New York, miaka kadhaa, sasa yuko tena St. Louis, na kituo chake kina ofisi Masaka.

Nikimsoma huyo naona vitu vitatu kwa mkupuo: kijana aliyesoma ustawi Makerere enzi UKIMWI umeshika, supavaiza mwenye wazo moja kubwa, na hela za utafiti za Marekani. Ukiondoa kimojawapo hakuna Suubi. Kwa hiyo sisemi hela za nje ni mbaya, wala sisemi mtu lazima atafiti kijiji chao. Nasema tu angalia nani ameshika usukani.

Kenya nako kuna mama Philista Onyango, alikuwa mhadhiri University of Nairobi, utafiti wake ulikuwa ajira za watoto, wakiwemo wale mahausigeli wadogo, na alikuwa miongoni mwa walioanzisha mwaka 1986 ule mtandao wa Afrika wa kuzuia ukatili kwa watoto, ANPPCAN. Alitafiti mahausigeli! Kitu ambacho kila mhadhiri wa Nairobi, na wa Dar pia tusidanganyane, anacho jikoni kwake. Huo ujasiri siuoni sana kwenye hizi listi za jinsia-umaskini-maendeleo.

Na kuna mada nyingine ambayo nisingeijua kama si kusoma CV, wazee. Zena Mabeyo wa Kijitonyama na Helmut Spitzer, mwalimu wa ustawi kutoka Carinthia, Austria, walitoa kitabu mwaka 2011 kuhusu wazee wa Tanzania na jinsi wanavyopambana kuishi, na ndani yake kuna suala la Usukumani, la vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Mi nimefanya kazi kanda ile. Mtu anakwambia bibi yule mchawi, macho mekundu. Ingia jikoni kwake: kijumba kisicho na dirisha, kuni mbichi au kinyesi cha ng'ombe kikavu, moshi, miaka 50 ya kupuliza moto, hayo macho yangekuwa meupe vipi? Na mara nyingi nyuma ya tuhuma ukichimba unakuta shamba. Sasa mada kama hiyo inahitaji watu wawili wa namna ile, mmoja anayejua pa kupita na wa kumwamkia, mwingine ambaye kwake si jambo la kawaida kwa hiyo anauliza maswali ambayo sisi tumeacha kuuliza.

Hao wawili walikuwa pia kwenye ule mradi mkubwa wa pamoja ulioanza 2011 kwa hela za Austria, PROSOWO, wa Makerere, Nairobi, Rwanda, Kijitonyama na Carinthia, baadaye Burundi wakaingia. Janestic Twikirize upande wa Uganda, Gidraph Wairire upande wa Kenya. Kilichonivutia ni kwamba badala ya kuwatafiti maskini tu waliamua kuitafiti fani yenyewe, nani anaifanya kazi hii Afrika Mashariki, amesoma wapi, anafundishwa na nani na kwa vitabu vya wapi. Rwanda kwa mfano ustawi wa jamii chuo kikuu umeanza baada ya mauaji ya kimbari, mwaka 1999, kwa hiyo walimu wa kule majeraha ya vita na maridhiano ndo maji wanayoogelea, hawahitaji kuambiwa na mtu kwamba ni mada. Baada ya mradi ule Twikirize na Spitzer wakahariri kitabu kingine, 2019, kuhusu njia za Kiafrika za kufanya kazi hii.

Hili la Uafrika wa fani lina ugomvi wake wa zamani. James Midgley, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefundisha London halafu Marekani, mwaka 1981 aliandika wazi kwamba ustawi wa jamii tuliouziwa ni ubeberu wa kitaaluma, mbinu za kumshauri mtu mmojammoja wa New York zimepelekwa kwa watu ambao shida yao ni maji na ardhi. Kwaku Osei-Hwedie, Mghana aliyefundisha Botswana miaka mingi, akaandika 1993 kwamba tuanzie ndani, na makala yake ilitoka kwenye jarida lililokuwa linachapwa na shule ya ustawi ya Harare. Harare hiyohiyo ndo ya kina Edwin Kaseke, mtu wa hifadhi ya jamii, na Rodreck Mupedziswa aliyekuwa anawatafiti kina mama wauza bidhaa ndogondogo walivyopigwa na yale masharti ya Benki ya Dunia. Huo ni utafiti! Mama anauza nyanya, sera imetoka Washington, wewe uko hapo na daftari mwaka hadi mwaka unaandika mtaji wake unavyokatika.

Na kabla yao kulikuwa na ASWEA, umoja wa walimu wa ustawi Afrika, ulioanza 1971 makao yake Addis Ababa. Walikuwa wanakusanya mifano ya kesi za Kiafrika ili zifundishiwe badala ya zile za kina Mrs. Smith. Ulikufa mwishoni mwa miaka ya 80 na makaratasi yakasambaa, mpaka mwalimu mmoja wa Canada aliyewahi kufundisha Ghana, Linda Kreitzer, akahangaika kuyatafuta kwenye maktaba mbalimbali na kuyafanya yapatikane mtandaoni. Nimeyapitia. Baadhi yamepitwa kabisa, lugha ya "mwanakijiji na ushirikina wake" ipo. Lakini kesi za mahari, za mjane na shamba, za kijana aliyekimbilia mjini, hizo ungeweza kunipa Jumatatu asubuhi nikadhani zimeletwa na mtendaji wa kata. Naona ajabu kwamba nimemaliza digrii nzima bila kusikia jina hilo la ASWEA.

Sasa mi nataka kutafiti nini? Ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Kwa wasiojua, wazazi wakigombania mtoto mahakamani, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa hakimu nafasi ya kumtaka afisa ustawi akachunguze na kuandika ripoti. Tarehe ya kesi imeshapangwa, gari la idara halina mafuta, unapanda boda kwa hela yako. Unafika kwa baba, chumba kimoja, kapanga, mama wa kambo mjamzito, unaangalia mtoto angelala wapi, unaona godoro limesimamishwa nyuma ya mlango na unaambiwa usiku linashushwa. Unamuuliza jirani, jirani anamwangalia kwanza baba mwenye nyumba kabla ya kukujibu. Shuleni mwalimu wa darasa anasema mtoto huyu tangu mwezi wa pili analala darasani. Kesho yake kwa mama, upande wa pili wa mji, vilevile. Halafu unarudi unaandika kurasa mbili, na kwenye hizo mbili godoro la nyuma ya mlango linakuwa "mazingira ya makazi hayaridhishi". Je hakimu anazisoma? Anazifuata? Maafisa wawili wakienda nyumba ileile wataandika kitu kimoja? Maisha ya watoto yanaamuliwa na hizo kurasa kila wiki na sijamwona mhadhiri ambaye hilo ndo swali lake.

Na nadhani najua kwa nini. Haliko kwenye tangazo la mfadhili yeyote, na linahitaji mtu aliyewahi kuziandika. Wengi wa waliowahi kuziandika hawana PhD, kama yule mama wa fotokopi, na wenye PhD wengi walipita njia ya sosholojia. Halafu idara yenyewe ya ustawi wa jamii imehamishwa wizara mara nyingi, ilikuwa na Kazi, ikawa na Afya, tangu 2022 iko na Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na sisi wa halmashauri bosi wetu ni TAMISEMI, sasa mtafiti akitaka kibali cha kusoma mafaili aanze kwa nani?

Kwa hiyo nimeandika imeili kwa wahadhiri kadhaa. Sikuwaambia "navutiwa na jinsia na watoto". Nimewauliza kama wamewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya ustawi na lini, wana wanafunzi wangapi mkononi sasa hivi, na kama nikikuta mada yangu haiendani na mradi walionao watanibana nibadilishe. Rafiki yangu anasema hayo ni maswali ya kujikosesha nafasi. Huenda. Wengi wamekaa kimya, mmoja kajibu, ni mwanasheria kwa digrii ya kwanza, aliwahi kuwa mahakama ya mwanzo kabla hajaenda kusoma ustawi kwenye mastazi, anasema hizo ripoti alikuwa anazipokea mezani kwake na ana mengi ya kusema. Anataka propozo ya kurasa tano kabla ya mwisho wa mwezi, na anauliza kama mwajiri ameshanipa ruhusa ya masomo. Propozo nimeanza. Barua ya ruhusa bado iko kwa mkurugenzi.